Nafasi ya Diski Imekwenda Wapi: Niliyojifunza Katika Seva ya Redio, Kigoma

Kituo cha redio ninachokihudumia hapa Kigoma hakina chumba cha seva cha kuonyesha wageni. Kina mashine moja inayoendeshwa na mfumo wa Linux, iliyowekwa katika stoo ndogo nyuma ya studio, haina skrini wala kibodi, na ndani yake ndimo vinamokaa vipindi vilivyorekodiwa, mahojiano ambayo waandishi hurudi nayo kutoka Kibirizi na Ujiji, matangazo ya biashara, pamoja na rekodi ya kila kinachokwenda hewani usiku na mchana. Watangazaji hawana haja ya kujua mashine hiyo iko wapi. Wanachotaka ni kwamba wakibonyeza kitufe cha kuhifadhi, kipindi kihifadhike. Mimi ndiye ninayeulizwa nafasi inapoisha. Kwa muda niliokaa na kazi hii nimetambua kwamba swali la nafasi imekwenda wapi halina jibu moja, kwa sababu amri tunazozitumia kulijibu hazipimi kitu kimoja, na penye tofauti ya vipimo vyao ndipo mara nyingi tatizo linapokuwa limejificha.

Nianze na hesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo inayonionya kabla sijaandika amri yoyote. Sauti ya stereo ya aina ya WAV, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 kwa kila sampuli, hutumia baiti 176,400 kila sekunde. Saa moja ni baiti 635,040,000, na ukiongeza baiti 44 za kichwa cha faili unapata 635,040,044, tarakimu ambayo nimeizoea kuiona kwenye orodha ya `ls -l` kiasi kwamba faili la saa moja lisipoifikia najua kuwa umeme ulikatika katikati ya rekodi. Siku nzima ni zaidi kidogo ya gigabaiti 15. Rekodi hiyo hiyo ikiwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde haifiki hata gigabaiti moja na nusu kwa siku. Kwa hiyo najua seva inapaswa kukua kwa kiasi gani kila wiki, na ikikua kwa kasi nyingine naanza kutafuta bila kusubiri ijae.

Kazi yote hii naifanya kwa mstari wa amri, yaani kwa kuandika maagizo badala ya kubofya. Sababu si ushabiki. Seva haina skrini, naifikia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao, kutoka kwenye kompyuta ya mezani au, nikiwa nyumbani, kutoka kwenye simu, na siku ambazo mtandao ni mzito programu za kuonyesha picha za madirisha huwa hazifai kitu, wakati majibu ya amri ni mistari michache ya maandishi inayopita hata mtandao ukiwa unasuasua. Tena amri zenyewe ni za zamani na hazibadiliki ovyo: `df` na `du` zote mbili zimo katika kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, mfumo ambao Linux imefuata nyayo zake, kilichotolewa Bell Labs mwezi Novemba 1971. Mtu aliyejifunza kuzitumia wakati huo angeketi mbele ya seva yetu leo akaelewa karibu kila kitu, isipokuwa pengine ukubwa wa tarakimu.

Amri ya kwanza ninayoiandika ni `df -h`. Hii huuliza mfumo wa mafaili, yaani mpangilio unaotunza mafaili kwenye diski, una bloku (vipande vidogo vya diski) ngapi, ngapi zimetumika na ngapi ziko huru, na `-h` huandika ukubwa kwa M na G, yaani megabaiti na gigabaiti. Haipiti faili hata moja, ndiyo maana hujibu papo hapo hata kwenye diski yenye mafaili milioni. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kwetu alishtuka siku ya kwanza alipoona mistari ya `/dev/loop` imeandikwa asilimia 100, akadhani mashine inakaribia kuzimika. Mistari hiyo kwenye Ubuntu, toleo la Linux, ni vifurushi vya programu visivyoandikika, ambavyo hufungashwa vikiwa vimejaa na vitabaki hivyo siku zote. Mistari ya `tmpfs` nayo si diski. Ni sehemu ya kumbukumbu ya RAM. Ukiandika `df -h -x tmpfs -x squashfs` unabaki na diski za kweli, na macho hayahangaiki.

Jambo linaloleta ubishi zaidi ni kwamba diski ya gigabaiti 500 haionekani kuwa na 500. Meneja wetu aliwahi kuniuliza kwa upole uliokuwa na shaka ndani yake kama muuzaji hakutupunja. Hakutupunja. Muuzaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, wakati alama ya `-h` hupanda kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa hiyo 500 za muuzaji huwa 465 za `df`. Mfumo wa mafaili wa ext4, ambao ndio ulio kwenye diski yetu, ukishatenga nafasi ya majedwali yake, `df` inaandika 458G. Bado kuna jambo la tatu: kwa kawaida ext4 huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu pekee, na ndiyo sababu unaweza kuona 458G kwa jumla, 435G zimetumika, na nafasi iliyobaki ni sifuri. Gigabaiti 23 hazijaibiwa; zimefungiwa ili diski ikijaa wewe mwenye mamlaka uweze kuingia na kurekebisha. Kwenye diski ya kuhifadhia sauti tu nimeipunguza akiba hiyo hadi asilimia 1 kwa `tune2fs -m 1`. Kwenye diski yenye mfumo wa uendeshaji siigusi, na sioni kwa nini mtu aiguse.

Basi `df` ikisema diski imejaa, hatua ya pili ni `du`. Hii hufanya kinyume cha mwenzake. Hushuka folda baada ya folda, inagusa kila faili, inajumlisha bloku linazozitumia. Ni ya polepole, na ni lazima iendeshwe kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, ambayo hutolewa na neno `sudo`, la sivyo folda isizoruhusiwa kuzifungua huzipita na jumla inakuwa ya uongo. Wapo wanaoongeza `2>/dev/null` ili wasione malalamiko ya kukosa ruhusa. Mimi nayataka malalamiko hayo, kwa kuwa yananiambia hesabu yangu ina matundu. Ninavyoiandika ni hivi:

`sudo du -xh -d 1 / | sort -h`

Kila herufi hapo ina kazi yake. `-x` huizuia isivuke kwenda kwenye diski nyingine zilizounganishwa, kwa hiyo inapima diski ile ile ambayo `df` imeilalamikia. `-d 1` huonyesha ngazi moja tu chini, ingawa hesabu yenyewe hufika hadi mwisho. `sort -h` hupanga kwa kuelewa kwamba 2G ni kubwa kuliko 900M. Ukitumia `sort -n` mahali pake, 900M itakaa chini kabisa kama mshindi na utapoteza nusu saa ukisafisha folda isiyo na kosa. Kutoka hapo kazi ni kufuata folda kubwa kuliko zote, kuandika tena amri ile ile ndani yake, na kushuka mpaka umfikie mhusika.

Wengi hupenda `du -sh *` kwa kuwa ni fupi, nami huitumia nikiwa na haraka, lakini ina kasoro ambayo ilitusumbua. Alama ya nyota haijumuishi majina yanayoanza na nukta. Tulikuwa na diski ya nje ambayo wahariri huipachika kwenye kompyuta zao kuhamishia sauti, na `df` ilionyesha imetumia 180G, wakati `du -sh *` ilitaja folda chache ambazo zote kwa pamoja hazikufika 40G. Nilipoandika `du -h -d 1` mahali pa nyota, ikajitokeza folda inayoitwa `.Trash-1000`. Kila walichokifuta kwa kubofya kilikuwa kimeingia kwenye pipa la taka la diski ile ile, na pipa halikuwahi kumwagwa. Mhariri aliyeketi pembeni yangu alisema, "Kumbe tunafuta bila kufuta, kaka." Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini kisa kilichonifundisha zaidi ni cha siku ambayo `df` na `du` zilikataa kupatana kabisa. Ilikuwa asubuhi, kipindi cha wavuvi kilikuwa kinakaribia, na mtangazaji alirudi kutoka mwaloni na mahojiano yake akakuta hayahifadhiki. `df -h` ilisema 435G zimetumika na hakuna kilichobaki. Nikaendesha `du`, nayo ikajibu hivi:

```
412M  /boot
1.9G  /home
3.9G  /var
6.8G  /usr
305G  /srv
318G  /
```

Tofauti ilikuwa gigabaiti 117. Hakuna folda iliyokuwa nazo. Nilimwuliza kijana wetu kama kuna alichokigusa, akanijibu bila kuficha, "Kaka, nilikuta kwenye `/var/log` kuna faili moja kubwa sana la programu ya kupeleka matangazo mtandaoni, nikalifuta. Lakini bado inasema imejaa." Nikamwuliza, "Umelifuta kwa `rm`, na ile programu inaendelea kufanya kazi?" Akasema ndiyo.

Hapo jibu lilikuwa limepatikana. Katika mifumo ya jamii ya Unix, `rm` haifuti data. Huondoa jina la faili katika folda. Data yenyewe huachiliwa pale ambapo halina jina tena na hakuna programu inayolishikilia likiwa wazi. Programu ya matangazo ilikuwa bado imelishika faili lake, ikiendelea kuliandikia malalamiko kwamba haipati sauti kutoka kwenye kadi ya sauti, mstari baada ya mstari, wakati huo likiwa faili lisilo na jina. `du` hutembea kwa majina, kwa hiyo haikuliona. `df` huhesabu bloku, kwa hiyo ililiona. Zote mbili zilikuwa zinasema kweli.

Amri ya kuwafichua wahusika wa namna hii ni `sudo lsof +L1`, inayoorodhesha mafaili yaliyo wazi ambayo idadi ya majina yao ni pungufu ya moja. Mstari uliotoka ulikuwa na jina la programu, namba ya mchakato (programu ikiwa inafanya kazi), ukubwa wa faili, na mwishoni neno linaloonyesha kwamba lilikwisha kufutwa. Dawa ya kawaida ni kuiwasha upya programu husika. Ikifunga faili, nafasi inarudi mara moja. Lakini sisi tulikuwa hewani, na wasikilizaji wa mtandaoni, wengine wakiwa mbali na Kigoma, wangekatika. Nikatumia njia ya pili, ya kulikata faili lenyewe kupitia mlango wa mchakato unaolishika, kwa amri ya mfano huu, ambapo 1423 ni namba ya mchakato na 4 ni namba ya faili lililo wazi, zote zikiwa zimesomwa kutoka kwenye `lsof`:

`sudo sh -c ': > /proc/1423/fd/4'`

`df` ikarudiwa, 117G zikawa huru, mahojiano yakaingia. Usiku, baada ya matangazo kupungua, tukaiwasha upya programu kwa utaratibu na kurekebisha waya wa sauti uliokuwa chanzo cha malalamiko yote. Tangu siku hiyo, faili la kumbukumbu (log) linalokua huku programu ikiliandikia hatulifuti. Tunalipunguza kwa `truncate -s 0`, na tumelikabidhi kwa `logrotate`, programu ya kuzungusha na kupunguza mafaili ya aina hii, lisije likafika huko tena. Kwa kumbukumbu za mfumo wenyewe ipo njia rahisi zaidi: `journalctl --disk-usage` hutaja zimefika wapi, na `journalctl --vacuum-size=500M` huzipunguza.

Kuna sura ya pili ya mgogoro huo huo, nayo imeletwa na kukatika kwa umeme. Nakala za akiba za kila usiku huandikwa kwenye diski ya nje iliyounganishwa mahali panapoitwa `/akiba`. Umeme ulipokatika na kurudi, seva iliwaka lakini diski ya nje haikuwahi kuamka kwa wakati. Mahali pa kuunganishia ni folda ya kawaida tu. Programu ya nakala haikujua tofauti, ikaandika usiku kucha ndani ya folda hiyo, yaani kwenye diski kuu. Asubuhi mtu akaiunganisha diski ya nje kwa mkono, nayo ikakaa juu ya folda kama mkeka juu ya sakafu, na vyote vilivyoandikwa chini yake vikatoweka machoni pa `du`, ingawa `df` iliendelea kuvihesabu. Niliendesha `lsof +L1` nikitarajia mhusika yule wa zamani, haikutoa kitu. Ndipo nikaangalia chini ya mkeka:

`sudo mkdir /mnt/mzizi`
`sudo mount --bind / /mnt/mzizi`
`sudo du -sh /mnt/mzizi/akiba`

Muunganisho wa namna hii huonyesha diski kuu peke yake, bila vitu vilivyopandishwa juu yake, kwa hiyo folda ya chini huonekana na yaliyomo. Nakala ya usiku mzima ilikuwa pale. Nikaihamisha, nikaondoa muunganisho kwa `umount`, na juu kabisa ya hati ya amri inayoendesha nakala za akiba nikaongeza mstari mmoja, `mountpoint -q /akiba || exit 1`, ili diski isipokuwepo kazi ikatae kuanza. Mahali ambapo umeme si wa kutegemea, mstari huo una thamani kuliko nusu ya vifaa vilivyomo stoo.

Mengine niyapitie kwa haraka. Mara chache diski hukataa faili jipya huku `df -h` ikionyesha nafasi tele. Hapo huwa zimeisha inodi, yaani nafasi za kusajili mafaili, na `df -i` ndiyo inayosema. Kwetu ilisababishwa na programu iliyotengeneza vipicha vidogo kwa maelfu bila kuvifuta, na `sudo du --inodes -x -d 1 / | sort -n` ilitufikisha kwenye folda yake kwa njia ile ile ya kushuka ngazi moja moja. Pia ukubwa wa faili unaotajwa na `ls -lh` si lazima ulingane na wa `du -h`. Faili la baiti 10 huchukua bloku nzima, ambayo kwa kawaida ni baiti 4,096, na kinyume chake faili lenye mapengo matupu ndani linaweza kujitangaza kuwa kubwa wakati diskini limekaa padogo. `du --apparent-size` hutaja ukubwa wa kujitangaza, `du` ya kawaida hutaja uliokaliwa, na anayetafuta nafasi anahitaji wa pili. Faili lenye majina mawili kwenye diski moja huhesabiwa mara moja tu katika mzunguko mmoja wa `du`. Kwa hiyo jumla ya folda mbili ulizozipima kila moja peke yake inaweza kuzidi jumla ya folda mama, na hakuna kilichoharibika.

Kuhusu kufuta, msimamo wangu ni kwamba anayepima si lazima awe ndiye anayefuta. Naweza kuandika `find /srv -xdev -type f -size +500M -mtime +60 -printf '%s %p\n' | sort -n` na kupata orodha ya mafaili makubwa ambayo hayajabadilishwa kwa siku 60, lakini ndani ya orodha hiyo pamewahi kuwamo mahojiano ya wazee wa Ujiji ambayo hayatarudiwa tena. Orodha naichapisha, naipeleka kwa mhariri mkuu, yeye anatia alama. Inachukua muda mrefu kuliko ningependa. Hata hivyo diski mpya huagizwa Dar es Salaam na kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutufikia, na sauti iliyofutwa haiagizwi popote.

Sasa kila usiku, kazi ya `cron`, programu inayoendesha amri kwa ratiba, huandika katika faili moja tarehe, kiasi ambacho `df` inataja kuwa kimetumika, kiasi ambacho `du` imejumlisha, na tofauti yao. Tofauti ya gigabaiti chache ni ya kawaida, kwa kuwa mfumo una mambo yake. Ikipanda ghafla nakwenda moja kwa moja kwenye `lsof`, au chini ya `/akiba`, bila kuhangaika kwenye folda. Faili hilo hilo ndilo nililolipeleka kwa meneja alipotaka kujua kama bajeti ijayo iwekwe diski ya terabaiti 2. Lilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya `/srv` ilikuwa rekodi za hewani za WAV ambazo hakuna aliyezifungua baada ya wiki ya kwanza. Tukakubaliana kwamba rekodi hizo zikishatimiza siku saba zigeuzwe MP3, mahojiano na vipindi vya kumbukumbu vigeuzwe FLAC, ambayo hupunguza ukubwa bila kupoteza sauti yoyote, na ombi la diski kubwa likasogezwa mbele. Fedha iliyookolewa ilikwenda kwenye betri ya kuishikilia seva umeme unapokatika.